Ukoko una jina: maneno ya Kikorea ya mwisho, ukingo na mabaki



Safari hii tunaenda mbali kidogo, tunaenda Korea. Msishangae. Korea wengi wetu tunaiona kila jioni kwenye simu: tamthilia, nyimbo, nguo. Hata wadogo zetu wanajua kusema "maknae", yaani yule mdogo kuliko wote kwenye kundi. Lakini hilo neno lina ndugu zake wengi. Ukiwafuata mmoja mmoja, unajikuta kwenye vita, kwenye njaa, kwenye meli ya mizigo iliyojaa wakimbizi, na kwenye bakuli la uji uliopikwa kwa makombo ya wanajeshi. Wakorea wana maneno mengi sana ya vitu vya mwisho, vya pembeni na vilivyobaki. Tukiyasoma vizuri tunasoma historia ya watu waliokuwa wakimbizi kama sisi. Maneno yenyewe tutayaandika kwa herufi zetu tu.

Tuanze na huyo maknae. Kile kipande "mak" kikikaa mbele ya neno mara nyingi kinaonyesha mwisho. Maknae ni mtoto wa mwisho, sisi tunasema kitinda mimba. Makcha ni basi au treni ya mwisho ya usiku, ukiikosa unalala njiani. Na makjang ni mwisho wa shimo la mgodi, kule ndani kabisa ambapo njia imeishia na mchimbaji anagonga mwamba kutafuta makaa ya mawe.

Sasa hili la makjang lina kisa. Watu wa mjini walilichukua wakaanza kuziita hivyo tamthilia zenye vituko kupita kiasi: watoto wamebadilishwa hospitalini, mume anaoa dada wa adui yake, kila mtu analipiza kisasi. Makjang ikawa neno la kudharau, maana yake "imefika pabaya, hakuna zaidi". Mwaka 2009 mkuu wa shirika la serikali la makaa ya mawe alijitokeza hadharani akaomba watu waache kulitumia namna hiyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: makjang ni mahali pa kazi. Ni mahali ambapo watu wanatoa jasho kwenye joto na giza ili familia zao zile. Kwa nini mahali pa jasho pageuzwe jina la uchafu?

Sisi hoja hiyo tunaielewa haraka. Neno "mkimbizi" kwenye karatasi ya ofisi ni jina la sheria, linakupa haki fulani. Neno hilo hilo sokoni, likisemwa na mtu aliyekasirika, ni tusi. Herufi hazijabadilika hata moja. Kwa hiyo tusiseme "ni maneno tu". Neno linalotaja mtu wa ukingoni linaweza kumbeba au kumtupa.

Tuingie jikoni, maana huko ndiko kwenye utajiri.

Ukoko Wakorea wanauita nurungji. Ni ule ule: wali ulioshika chini ya chungu, wenye rangi ya kahawia, unaopasuka mdomoni. Zamani walipika kwenye vyungu vikubwa vya chuma juu ya kuni, kwa hiyo ukoko ulipatikana kila siku. Ulikwanguliwa ukapewa watoto, au ulimwagiwa maji chunguni ukachemshwa, yakatoka maji ya moto yenye harufu ya wali wa kuungua. Hayo nayo yana jina lake, sungnyung, na yalinywewa mwisho wa chakula kama sisi tunavyokunywa chai. Yaani chungu kimoja kinatoa wali, kinatoa ukoko, halafu kinatoa kinywaji, na mwisho wa yote kimeshaoshwa nusu!

Kuna biji. Wakisaga soya wakaikamua ili watengeneze tofu, yale machicha yanayobaki ndiyo biji. Si mnajua mama zetu wakikuna nazi na kuikamua, zinabaki chicha? Ni kitu kama hicho, ila wao wanaipika mchuzi mzito. Kuna ugeoji, yale majani magumu ya nje ya kabichi ambayo mtu mwenye pesa angeyatupa. Kuna siraegi, majani ya figili yaliyokaushwa ili yaliwe wakati wa baridi shamba likiwa tupu. Kuna buseureogi, makombo madogo madogo, chengachenga. Kila kilichobaki kimepewa jina, na kila jina limepewa kazi.

Kwenye nguo kuna jaturi. Ja ni kipimo, rula ya fundi. Jaturi ni kile kipande cha kitambaa kinachobaki baada ya fundi kupima na kukata, kidogo mno kwa shati, kikubwa mno kwa kutupa. Wanawake wa Korea ya zamani, wakati wa ufalme wa Joseon, waliviunga vipande hivyo kwa sindano wakapata kitambaa kikubwa cha kufungia vitu, kinaitwa jogakbo. Leo vitambaa hivyo vinawekwa kwenye makumbusho, watu wanalipa kuviangalia. Na neno jaturi limehama kwenye nguo: Mkorea akisema "jaturi sigan" anamaanisha vipande vya muda, zile dakika kumi unazosubiri basi. Mwanafunzi akisoma maneno matano akiwa kwenye foleni, anatumia jaturi ya muda. Sisi tunaosubiri kwenye foleni saa nne, tungekuwa na kitambaa kizima!

Lakini tusije tukadhani maneno haya yalizaliwa na watu waliopenda tu kutunza vitu. Nyuma yake kuna njaa.

Neno zito kuliko yote ni boritgogae. Bori ni shayiri, na gogae ni njia ya kupanda na kuvuka mlima. Boritgogae ni "mlima wa shayiri". Mlima wenyewe hauonekani kwenye ramani, maana ni majira. Mchele uliovunwa vuli umekwisha, na shayiri shambani bado haijakomaa mpaka mwanzo wa kiangazi. Katikati hapo, miezi ya Aprili na Mei, familia inapanda mlima bila chakula. Watu walichimba mizizi, walibandua magamba ya miti. Huu mlima ulirudi kila mwaka, vizazi na vizazi. Wakati wa utawala wa Japani, kuanzia 1910 hadi 1945, ulizidi kuwa mkali kwa sababu mchele mwingi wa Korea ulisafirishwa kwenda Japani. Wakulima walilima mchele wasioula. Boritgogae iliendelea kutajwa hadi miaka ya 1960, na wazee wa Korea waliozaliwa wakati huo wanaikumbuka kwa tumbo, si kwa kitabu.

Halafu vita. Mwaka 1945 Japani ilishindwa, na Korea ikakatwa vipande viwili kwenye mstari wa 38 wa latitudo. Kaskazini Wasovieti, kusini Wamarekani. Tarehe 25 Juni 1950 jeshi la Kaskazini lilivuka mstari huo. Jiji la Seoul lilibadilisha mikono mara nne ndani ya mwaka mmoja. Fikirieni maana yake kwa raia: kila jeshi linalofika linauliza ulimpikia nani jana.

Mwezi wa Desemba 1950, jeshi la China lilipokuwa limeingia vitani, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza kuondoka kwa bahari kutoka bandari ya Hungnam, kaskazini-mashariki. Raia karibu laki moja walikuwa wamejaa bandarini kwenye baridi wakitaka kuondoka nao. Meli moja ya mizigo ya Marekani, Meredith Victory, ilitengenezwa kubeba abiria 12 tu zaidi ya mabaharia wake. Ilipakia wakimbizi wapatao 14,000, wamesimama wamebanana kwenye vyumba vya mizigo. Ilifika kisiwa cha Geoje siku ya Krismasi. Hakuna aliyekufa njiani, na watoto watano walizaliwa humo. Mabaharia, kwa kuwa hawakujua majina ya Kikorea, waliwaita Kimchi wa kwanza hadi Kimchi wa tano. Kati ya wakimbizi hao walikuwamo baba na mama wa Moon Jae-in. Yeye alizaliwa Geoje mwaka 1953, mtoto wa wakimbizi, na mwaka 2017 alichaguliwa kuwa Rais wa Korea Kusini.

Mwisho kwa Kikorea ni kkeut. Kusini kwenye wilaya ya Haenam kuna kijiji kinachoitwa Ttangkkeut, "mwisho wa nchi kavu". Lakini kwa wakimbizi wa 1950 mwisho wa nchi kavu ulikuwa Busan, bandari ya kusini-mashariki. Mbele ni maji, nyuma ni vita. Mji ulifurika. Watu walipanda milimani wakajenga panjatjip, vibanda vya mbao za kuokoteza na maboksi. Mtaa wa Ami-dong ulikuwa makaburi ya Wajapani waliokwisha ondoka. Wakimbizi walijenga palepale juu ya makaburi, na mawe ya makaburi wakayafanya msingi wa nyumba na ngazi. Mpaka leo ukipita huko unaona majina ya marehemu kwenye kuta. Walioogopa kulala na wafu walilala nje na baridi, kwa hiyo watu walichagua wafu.

Ngano ya msaada nayo ikawa neno jipya. Watu wa kaskazini walizoea tambi za baridi za aina ya nafaka iliyokuwa adimu Busan. Kilichokuwapo ni unga wa ngano wa msaada. Wakatengeneza tambi zao kwa unga huo wakaziita milmyeon, tambi za ngano. Wale wenzetu waliowahi kusonga bugali kwa unga wasiouzoea, kwa sababu ndio ulioletwa, hawahitaji maelezo zaidi.

Sasa tufike kwenye bakuli ambalo wazee wengi wa Korea hawakupenda kulisimulia. Karibu na kambi za jeshi la Marekani, mabaki ya mabwalo ya wanajeshi yalikusanywa, yakachemshwa pamoja, yakauzwa sokoni kwa bakuli. Ndani unaweza kupata kipande cha nyama ukafurahi. Unaweza pia kupata kkongcho, kishungi cha sigara ya mtu. Jina la chakula hicho ni kkulkkuri-juk. Juk ni uji, na kkul-kkul ni sauti ya nguruwe. Uji wa nguruwe. Waliokula ndio walioupa jina hilo. Hawakujidanganya.

Kuna na ndugu yake aliyeishi vizuri zaidi, budae-jjigae. Budae ni kikosi cha jeshi, jjigae ni mchuzi mzito. Soseji na nyama za kopo zilitoka kwenye kambi za Wamarekani kwa njia za panya, maana kuziuza ilikuwa magendo, zikapikwa na kimchi na pilipili. Mji wa Uijeongbu, kaskazini mwa Seoul, ndio unaojulikana zaidi kwa chakula hicho. Leo kuna mtaa mzima huko wa migahawa ya budae-jjigae, na watalii wanapiga picha. Nurungji nayo inauzwa dukani kwenye pakiti, imetengenezwa kiwandani. Sufuria za umeme haziunguzi wali tena, kwa hiyo watu wananunua ukoko! Lakini hakuna mtaa wa kkulkkuri-juk. Huo hakuna aliyeutaka tena.

Hapa ndipo tunataka tuongee kwa uwazi, hasa na nyinyi wenzetu wa mashirika.

Mara nyingi tunasimuliwa Korea hivi: waliteseka, wakavumilia, wakatumia akili, wakatajirika, na nyinyi mvumilie. Ni kweli nchi ile ilipata msaada wa WFP kuanzia 1964 hadi 1984. Ni kweli pia kwamba mwaka 2018 Korea Kusini yenyewe ilianza kutuma mchele kupitia WFP kwenda Kenya, Uganda, Ethiopia na Yemen. Aliyekuwa akipokea sasa anatoa. Hilo linatia moyo na hatulikatai. Na Ethiopia ilipeleka wanajeshi wake kupigana upande wa Kusini kwenye vita ile, kwa hiyo deni na shukrani zimezunguka mpaka kwetu Afrika.

Lakini angalieni tofauti. Wakimbizi wa Busan walikuwa ndani ya nchi yao. Hakuna aliyewauliza kibali cha kutoka kambini. Walifungua meza sokoni Gukje, wakauza, wakanunua, watoto wao wakaenda shule na baadaye wakaomba kazi yoyote kama raia. Kilichogeuza mabaki kuwa mali hakikuwa uvumilivu peke yake. Walikuwa na ruhusa ya kutembea, kufanya kazi na kumiliki. Mchuzi wa mabaki ulikuja kuwa chakula cha fahari siku mtu alipoweza kuingia mgahawani, akasoma orodha, akachagua mchuzi huo akiacha vingine. Kabla ya siku hiyo ulikuwa njaa tu yenye chumvi.

Ndiyo maana tunaomba jambo moja. Mgao ukipunguzwa, na mama zetu wakabuni namna ya kupika kilichobaki, msiandike kwenye ripoti kwamba jamii "imezoea". Mtu anayejua kutumia ukoko hajasema anataka ukoko peke yake. Andikeni kwamba wanawake wana akili, kisha andikeni kwamba chakula hakitoshi. Yote mawili yaingie kwenye ukurasa mmoja.

Tumebakiza neno moja, na hili ni la mwisho ambao haujafika. Tarehe 27 Julai 1953 vita ya Korea ilisimama. Kilichotiwa saini kinaitwa hyujeon. Jeon ni vita, na hyu ni kupumzika, silabi ile ile iliyo kwenye neno lao la likizo. Vita imepumzika. Kumalizika kwa vita kuna neno lake, jongjeon, na hilo mpaka leo halijasainiwa. Katikati ya nchi kuna ukanda wa kilomita nne kwa upana na karibu 250 kwa urefu ambao karibu hakuna raia anayeishi humo. Pwani ya Sokcho kuna mtaa unaitwa Abai. Abai ni neno la watu wa Hamgyong, kaskazini, la kumwita mzee. Wakimbizi wa huko walijenga kwenye ulimi wa mchanga karibu na mpaka, nyumba za muda tu, ili vita ikiisha wawe wa kwanza kurudi. Wazee wamezikwa huko.

Na familia zilizotawanyika zinaitwa isan gajok. Mwaka 1983 televisheni ya taifa, KBS, ilianza kipindi cha kuwatafutia watu ndugu zao. Kilipangwa kuwa kifupi. Watu walifika wakiwa na mabango shingoni: jina la baba, jina la kijiji, alama ya kovu kwenye goti. Wakajaa mpaka nje, wakabandika karatasi ukutani na kando ya njia. Kipindi kikaenda siku 138, masaa 453 na dakika 45. Familia 10,189 zikakutana. Walikuwa wamepoteana miaka thelathini, tena wengine walikuwa wanaishi nchi ile ile ya Kusini bila kujua. Ushahidi wao ulikuwa mabaki: kipande cha wimbo wa utotoni, jina la utani, kumbukumbu ya mti uani. Mwaka 2015 UNESCO iliziweka kumbukumbu za kipindi hicho kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, vijana, ni hii. Kila mmoja akae na mama, bibi, shangazi au mzee wa jirani, amuulize maneno ya vitu vilivyobaki. Kiswahili tayari tuna ukoko, kiporo, makombo, machicha, chenga, viraka, kitinda mimba. Lakini Kibembe wanasemaje? Kifuliiru? Mashi? Kirundi na Kinyarwanda? Yale majira ya njaa kabla ya mavuno kijijini kwenu yalikuwa na jina gani? Andikeni neno, lugha, kijiji, na aliyekuambia ni nani kwenu (mama, babu, majina ya watu msiweke). Na mkishamaliza chakula, muulizeni mzee alama za ndugu ambao hatujui walipo: kovu, jina la utani, mti wa uani. Hizo mziandike kwenye daftari lenu la nyumbani, mzitunze. Kuna siku zitahitajika.